Tamsin Hatapanda Basi Tena

Tarrow, Tasmania
27 Februari 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza matata tangu uache kupanda ngazi za kanisa. Sisi huku hatujambo. Garth yuko msituni na mizinga sabini. Maua mwaka huu yalichelewa, lakini sasa yamefunguka na anasema nyuki wanafanya kazi kama wana deni. Tamsin mwili wake mzima. Ya moyo wake ndiyo yaliyonikalisha niandike, maana kwenye simu ungeniitikia "eeh? nini?" mpaka nikachoka, na jambo lenyewe si la kupigia kelele.

Tumemtoa shule.

Tafadhali usiikunje barua, isome hadi mwisho. Jumanne nilimpeleka barabarani kusubiri basi kama kawaida, nikarudi zangu kufua. Saa sita mchana nikaenda kuangalia sanduku la barua, nikamkuta ameketi chini nyuma ya jukwaa la kuwekea makopo ya maziwa, begi mapajani. Basi lilipopita alijificha. Chakula alishakila chote.

"Umekaa hapa tangu asubuhi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukurudi nyumbani?"

"Ungenirudisha."

Mama, alisema kweli. Ningemrudisha.

Jioni ile alinieleza. Darasani wanasoma kwa zamu, kwa sauti. Zamu yake ikifika, wenzake huanza kuhesabu chini chini, moja, mbili, tatu, kuona neno la kwanza litatoka kwenye namba ngapi. Siku moja walifika arobaini na sita. Mwalimu huwanyamazisha, simlaumu sana, ana watoto thelathini na mmoja peke yake. Lakini dawa aliyoiona ni kumkalisha Tamsin na watoto wa miaka sita, kwenye vile viti vyao vidogo, magoti yamemfika kidevuni. Yule mtoto aliyekuwa akiuliza maswali mpaka baba yake anajificha ghalani, sasa kila ukimwuliza kitu anajibu "sijui." Na ana miaka minane na nusu lakini ameanza tena kukojoa kitandani.

Tumeomba kibali cha kumfundisha nyumbani na ofisi ya elimu imetupa cha muda. Kuna ofisa atakuja siku moja kutazama. Nitamfundisha mwenyewe. Najua utakachosema, lakini kiseme kwa upole.

Garth angekuwepo angekusalimu.

Mwanao,
Bronwen


Wynyard
5 Machi 1994

Mwanangu Bronwen,

Marahaba. Goti ni lile lile, sasa limemwalika na nyonga. Mengine salama, na bustani imenipa nyanya nyingi hata jirani yangu Beryl ananikimbia nikitoka na kikapu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, mazoea hayaniachi. Ina makosa mawili ya herufi, na moja kubwa lisilo la herufi.

Nimesimama mbele ya darasa miaka thelathini na sita, kumi na minne kati yake nikiwa mwalimu mkuu. Unafikiri sijawahi kuona mtoto aliyekwama? Nimeona mamia. Mtoto husoma kwa kusomeshwa, kila siku, saa ile ile, atake asitake. Kuchekwa kunauma, kisha ngozi inakomaa. Wewe mwenyewe darasa la kwanza ulilia mwezi mzima, tena darasani kwangu, na ulikuwa ukiniita Mwalimu kama wengine. Ulikufa?

Na wewe utamfundisha nini? Hesabu za sehemu zilikushinda mpaka nikakuletea keki nzima tukaikata mezani. Garth naye, Mungu ambariki, anaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Halafu niambie, atacheza na nani? Nyuki?

Nasema kwa upole kama ulivyoniomba. Huu ndio upole wangu. Mrudishe mtoto shule kabla muhula haujaisha, wenzake hawajamwacha mbali. Ukiona haya kuzungumza na mwalimu mkuu, nitamwandikia mimi.

Mbusu Tamsin.

Mama yako,
Enid


Tarrow
20 Aprili 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje na hiyo nyonga? Garth amekutengea debe la asali ya msituni, anasema ukijipaka pia inasaidia, ila usimwambie daktari.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukujibu kwa hasira, halafu nikawa na kazi.

Nitakusimulia ukweli wote, na ule wa kukufurahisha wewe pia. Wiki ya kwanza nilishindwa vibaya. Nilitundika ratiba ukutani, nikaweka kengele mezani, nikamkalisha Tamsin saa tatu kamili na kitabu kile kile cha shule. Siku ya tatu alilia, nami nikalia, kitabu kikaishia ndani ya ndoo ya maganda. Garth aliingia kuchukua kisu, akatutazama, akasema, "Kumbe umemtoa shule ili umletee shule." Nilitaka kumpiga na ile kengele.

Basi tulifunga ratiba tukamfuata Garth msituni, wiki tatu. Huko sikumfundisha kitu, au nilidhani hivyo. Siku ya pili akauliza, kama kila mzinga una fremu kumi za masega na mizinga ni sabini, fremu ni ngapi? Nikamwambia sijui, hebu tafuta. Alipanga kokoto njiani mpaka akapata. Kisha akataka kujua nyuki wangapi, na asali kilo ngapi, na gari litabeba safari ngapi. Alikuwa akizidisha na kugawanya, Mama, yule yule wa "sijui." Kuna mzee huko, Horrie Blight, zamani alikuwa mkata mbao, ana kibanda chake mtoni. Alimwonyesha jinsi ya kupima urefu wa mti bila kuupanda, kwa kijiti na kivuli. Tangu siku hiyo kila kitu kimepimwa, hata Garth, hata choo.

Kitanda ni kikavu tangu tarehe nane Machi.

Kuhusu marafiki: Alhamisi familia nne tunaofundisha nyumbani tunakutana kwenye ukumbi wa kijiji. Rafiki yake ni Merrin, ana miaka kumi na mmoja, na mdogo wake Merrin wa miaka mitatu anayemfuata Tamsin kama mkia. Hakuna anayemwuliza yuko darasa la ngapi.

Kusoma bado. Sitakudanganya. Namsomea mimi, asubuhi baada ya kulisha kuku na mchana baada ya chakula. Anasikiliza mpaka mdomo unabaki wazi, akikumbuka kitu ananiambia nirudi nyuma kurasa kumi, na kweli kipo. Lakini mwenyewe akitazama ukurasa anasema herufi zinatambaa.

Usimwandikie mwalimu mkuu, tafadhali. Nakuomba.

Mwanao,
Bronwen


Wynyard
6 Mei 1994

Mwanangu,

Marahaba. Baridi imeingia na mimi nimeshinda ndani nikifuma. Kwenye furushi hili kuna sweta la Tamsin. Mikono niliirefusha, maana mtoto anayepima miti lazima naye anarefuka.

Nafurahi kwa ajili ya kitanda. Lakini kitanda hakisomi.

Kokoto, vivuli, hadithi za asubuhi, yote mazuri, nami nimecheka peke yangu niliposoma habari za choo. Ila mtoto huyu mwezi wa nane anatimiza miaka tisa na hawezi kusoma kibao cha barabarani. Siku moja utakufa, Bronwen, nani atamsomea?

Ndani ya furushi kuna karatasi yenye maneno hamsini. Mtoto wa miaka minane anatakiwa aweze arobaini. Mpe Jumatatu asubuhi baada ya chai, bila kumsaidia, hata kwa macho. Kisha niandikie idadi. Ikiwa ni arobaini nitanyamaza.

Mama yako,
Enid


Tarrow
19 Juni 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Theluji imeshuka mpaka kwenye mabega ya mlima na mizinga imelala. Sweta limemkaa vizuri mno, halivuliwi hata kwa kufuliwa. Ahsante.

Karatasi yako sijampa. Iko kabatini. Nilijua jibu, nawe ulilijua, na mtoto angelijua wa tatu.

Sasa nina shida na nakuhitaji. Yule ofisa amekuja, lakini si kwa ukaguzi wa kawaida. Alikuja ghafla, Jumatano, mimi nina unga mpaka viwikoni. Anaitwa Bwana Scully, mtu mwembamba mwenye mafua. Akasema ofisi imepokea barua. Kuna mtu amewaandikia kwamba Tamsin hafundishwi lolote, hajui kusoma, na kwamba tunamtumikisha kwenye nyuki. Kumtumikisha! 

Alimwomba Tamsin amwonyeshe kazi zake. Tamsin akamchukua nje kwenye baridi, akamweleza jinsi nyuki wanavyojikusanya kama mpira na kutetemeka ili malkia asipate baridi, na wale wa nje huingia ndani kwa zamu. Bwana Scully akauliza, "Nani amekwambia?" Akajibu, "Niliweka sikio kwenye mzinga, halafu nikamwuliza Baba, halafu Mama akatafuta kitabu." Yule bwana naye akainama akaweka sikio. Alikaa hapo muda.

Lakini waliporudi ndani Bwana Scully alitoa ukurasa wake wa kupimia kusoma. Tamsin aliutazama. Nikaona midomo inaanza kuwa myeupe. Hakusema neno hata moja, na mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kama wale watoto, sikuweza kujizuia.

Bwana Scully si mtu mbaya. Alisema, "Mama, mtoto wako ana akili, hilo nimeliona. Lakini barua ile iko kwenye faili na siwezi kujifanya haipo. Nitarudi Novemba. Kama hakuna hatua kwenye kusoma, kibali hakitaendelea." Maana yake arudi kwenye lile basi.

Garth anamshuku Olwyn, jirani yetu mfuga kondoo. Mwaka jana tuligombana naye kwa sababu ya ua wa mpakani, na ndiye peke yake anayemwona Tamsin na nyuki kila siku. Tumeacha kusalimiana. Jumapili kanisani alininyoshea mkono nikaupita.

Ninachokuomba ni hiki. Wewe ulikuwa mwalimu mkuu, jina lako linajulikana pale ofisini. Si lazima ukubaliane nami. Waandikie tu kwamba mimi si mama mzembe. Neno lako litalifuta la yule mtu.

Mwanao,
Bronwen


Wynyard
11 Julai 1994

Mwanangu Bronwen,

Natumai hamjambo nyote. Nimeanza barua hii mara nne.

Msalimie Olwyn. Mwombe radhi, na mwambie kosa si lake. Ile barua niliiandika mimi.

Niliiandika tarehe kumi na sita Mei, niliposubiri idadi yangu isije. Sikuweka jina kwa sababu nilijua ungeniona adui, na sikuwa adui, nilikuwa nafanya kile ambacho ningekifanya kwa mtoto wa mtu mwingine yeyote. Miaka yote ile nimeandika barua za namna hiyo, na nyingine ziliokoa watoto. Neno la kumtumikisha lilikuwa limezidi. Nililiona limezidi nilipoliandika, nikaliacha.

Ningeweza kunyamaza. Usingejua kamwe. Lakini siwezi kukaa hapa nikifuma huku unaupita mkono wa mwanamke asiye na hatia kwa ajili yangu.

Bado naamini mtoto anatakiwa awe shuleni.

Mama yako,
Enid


Tarrow
15 Julai 1994

Mama,

Nilikueleza habari za wale watoto wanaohesabu. Nilikueleza wewe peke yako, hata Merrin na mama yake hawajui. Kisha ukakaa ukaandika ile barua.

Usituandikie tena. Tamsin akiuliza kwa nini sikuandikii, nitamwambia mkono unaniuma.

Bronwen


Wynyard
2 Agosti 1994

Mwanangu,

Umenikataza kuandika, na mimi ni mtu wa kufuata sheria, lakini leo Tamsin anatimiza miaka tisa na siwezi kuiacha siku ipite. Ndani ya furushi kuna futi ya kupimia ya fundi mbao, ya kukunja. Ilikuwa ya baba yako. Si lazima umwambie imetoka wapi.

Nyonga mbaya. Beryl ananiletea maziwa.

Mama yako,
Enid


Wynyard
18 Septemba 1994

Mwanangu Bronwen,

Natumai mko wazima na mizinga imeamka salama. Sijapata neno lako tangu Julai, na sitarajii. Soma hii tu, kisha ufanye utakavyo.

Wiki iliyopita hita yangu ya maji iliharibika. Beryl akaniitia fundi. Nikafungua mlango, nikaona mtu mzima wa miaka hamsini hivi, upara, mikono mikubwa, akavua kofia: "Habari za asubuhi, Mwalimu." Nilimtambua kwa masikio yake. Rowland Tibbs. Nilimfundisha mwaka wa 1954, nilipokuwa kijana, ile shule ndogo ya mashambani nilikoanzia kazi.

Sikukusimulia habari za Rowland kwa sababu sikuwa nikizikumbuka. Ndivyo ilivyo, mwanangu. Yeye alikuwa anazikumbuka kwa niaba yetu wote wawili. Kila asubuhi nilikuwa nikimsimamisha ubaoni asome sentensi niliyoiandika. Hakuweza. Nilimwacha amesimama mpaka aweze, na kwa kuwa hakuweza, alisimama mpaka mapumziko. Karibu mwaka mzima. Nilidhani ni mvivu. Alipofikisha umri wa kuruhusiwa, akaacha shule, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba hakuwa na bidii.

Na siku ile yuko jikoni kwangu, amepiga magoti mbele ya hita mpya, anasoma kijitabu cha maelekezo. Anasoma, Bronwen. Kidole chini ya mstari, midomo inacheza, lakini anasoma, na maandishi yale mimi mwenyewe yananitoa machozi kwa udogo.

Nikamwuliza, "Rowland, ulijifunza lini?"

"Nikiwa na miaka thelathini na mmoja, Mwalimu. Mke wangu alinifundisha, mezani jikoni, tukishamaliza kula."

"Alifanyaje?" Nilitaka kujua mbinu, unanijua.

Akafikiri sana. Akasema, "Hakuwa na haraka."

Kisha akawasha hita, akanionyesha kitufe, akanywa chai na skonzi mbili, akaniambia zangu ni nzuri kuliko za mama yake. Hakusema lolote la kunilaumu. Mlangoni nikamwambia, "Rowland, nilikukosea." Akawa mwekundu mpaka kwenye upara. "Ah, Mwalimu," akasema, "ilikuwa zamani. Ila ubao ule bado nauota."

Nilikaa kwenye kiti mpaka chai ikapoa. Nilihesabu watoto wangapi niliowasimamisha. Nilifika kumi na saba, nikaacha.

Jana nimeiandikia ofisi ya elimu, safari hii kwa jina langu kamili. Nimewaambia ile barua ya Mei niliiandika mimi, kwamba habari ya kumtumikisha haikuwa kweli, na kwamba sijawahi kukanyaga Tarrow tangu mtoto aanze kufundishwa nyumbani, hivyo sikuwa na haki ya kusema anafundishwa au hafundishwi. Nakala naiambatanisha.

Sikuombi chochote.

Mama yako,
Enid


Tarrow
9 Oktoba 1994

Mama,

Sisi wazima. Nyonga vipi?

Nakala nimeisoma. Na habari za Rowland nimezisoma, nikampa Garth naye akasoma, akatoka nje. Aliporudi akasema, "Mimi pia nilisimamishwa." Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikuwahi kujua.

Sijamaliza kukasirika. Nakwambia tu ili usifikiri barua hii ni kitu isichokuwa.

Lakini lipo jambo ambalo sina mwingine wa kumwambia atakayelielewa uzito wake. Garth huandika kwa chaki kwenye vifuniko vya mizinga, ili akumbuke: njaa, malkia mpya, hamisha, kama hivyo. Jumatatu iliyopita tulikuwa tunakagua, Tamsin mbele na bomba la moshi wa kuwatuliza nyuki. Garth akashika kifuniko. Tamsin akapiga kelele, "Baba, usiufungue huo! Umeandika mkali!"

Garth akasimama. Mimi nikasimama. Alikuwa ameandika asubuhi ile ile, Tamsin bado amelala. Hakuna aliyekuwa amemsomea.

Garth, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwuliza, "Na ule wa pili?" Akaenda akainama. "Nja-a. Njaa." Mstari mzima, Mama. Mizinga ishirini na mitatu. Mmoja akaukosea, akarudi mwenyewe akausahihisha. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa gambuti.

Tangu siku hiyo chaki ni yake. Ana daftari pia, anaandika habari za kila mzinga. Herufi nyingine zinatazama nyuma. Simsahihishi kila kitu.

Olwyn nilimwomba radhi Julai ile ile. Alicheka, akasema kama angetaka kutushtaki angeanza na jogoo wetu.

Bronwen


Tarrow
4 Desemba 1994

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tunakutakia afya, na tumesikia kwa Beryl kwamba daktari amekupa fimbo na wewe umeificha nyuma ya kabati. Itoe.

Bwana Scully amekuja na kuondoka. Alikuja na mafua yake yale yale na ule ukurasa wake. Tamsin akamwuliza, "Naweza kuanza na changu?" Akafungua daftari la mizinga akamsomea kurasa nne. Mzinga wa tisa umemkataa malkia. Mzinga wa kumi na mbili umeiba asali kwa jirani. Bwana Scully aliuliza maswali mpaka akasahau kuandika.

Kisha ukurasa. Ulikuwa juu ya mnara wa taa na mlinzi wake. Mama, ulikuwa mrefu. Nilikalia mikono yangu. Alikwama mara nne; mara tatu akajikwamua, na ya nne akamwuliza yule bwana, "Hili neno ni nini?" Kama mtu anayeuliza njia, bila aibu yoyote. Akaambiwa, akashukuru, akaendelea hadi mwisho. Halafu akasema mlinzi wa mnara alifanya ujinga kutokuwa na taa ya akiba.

Kibali tumepewa, miaka miwili. Wakati wa kuondoka Bwana Scully aliniambia kwamba barua yako ya pili iko kwenye faili juu ya ile ya kwanza, na kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona mtu akijiandikia mashtaka namna ile.

Nitakwambia kilichobadilika, kwa sababu uliwahi kuniuliza nitamfundisha nini. Sidhani nimemfundisha mengi. Nimempa tu muda, na mahali ambapo kukosea hakuna watazamaji. Anaamka kabla yangu. Anauliza tena mpaka Garth anajificha. Akifika miaka kumi na miwili akitaka shule ya sekondari ataenda, na akienda atajua yeye ni nani. Nachoka, usifikiri sichoki. Kuna siku natamani lile basi lingemchukua hata saa mbili tu.

Sasa ombi. Garth ameteguka bega na Januari lazima mimi niendeshe lori la mizinga kwenda msituni. Familia ya Merrin inasafiri. Unaweza kukaa na Tamsin wiki mbili? Nimefikiri sana kabla ya kuandika mstari huu, na Garth amefikiri pia.

Sharti ni moja. Usimpime.

Mwanao,
Bronwen


Wynyard
22 Januari 1995

Mwanangu Bronwen,

Marahaba. Natumai lori linakutii na bega la Garth linapona. Sisi huku wazima wawili. Fimbo naitumia, Tamsin ameipima, ni sentimita themanini na sita.

Sikumpima. Nimeanza na hilo ili usome mengine kwa utulivu. Karatasi zote za majaribio nimezifungia kwenye sanduku na ufunguo anao Beryl.

Wiki ya kwanza tulikaa vizuri. Ameandika jina la kila mmea kwenye bustani yangu na kuweka vibao. Njegere zimeandikwa kwa namna ambayo sijawahi kuiona, nikaiacha. Ilinigharimu. Tumekwenda ufukweni akapima maji yanavyojaa na kupwa, mawe manane ya alama, na sasa anajua saa ya maji kujaa kuliko gazeti.

Jumatano tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Akaweka kijiko chini. "Bibi, wakati wa baridi kwa nini Mama hakukuandikia? Alisema mkono unauma. Lakini alikuwa anakanda mkate kila siku."

Ningeweza kumwambia amwulize mama yake. Nikaona huo ungekuwa uongo wa pili juu ya ule wa mkono. Nikamwambia. Kwamba niliandika barua kwa ofisi, kwamba Bwana Scully alikuja kwa sababu yangu, kwamba nilitaka arudishwe shule.

Akanitazama. "Ulijua walikuwa wanahesabu?"

"Nilijua. Mama yako alikuwa ameniandikia."

"Na ukataka nirudi?"

"Ndiyo."

Akashuka kitini. Akaenda akaketi nyuma ya tangi la maji, akakaa hapo mpaka jua lilipohama. Sikumfuata. Alipoingia alikula, akaosha sahani yake, hakunena. Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa alisema "chumvi." Jumamosi nikatoa karatasi ili nikuandikie uje umchukue, nikashindwa hata kuandika tarehe. Ni mara ya kwanza nimejua jinsi kulivyo kunyamaziwa na mtoto ambaye hana kosa. Nilikuwa nikinyamaza hivyo kwa watoto wa watu, na kunyamaza huko nilikuita nidhamu.

Leo Jumapili, asubuhi, niko bado kitandani kwa sababu ya hii nyonga, mlango ukasukumwa. Yuko na nguo za kulala, kitabu kwapani.

"Bibi, sogea."

Nikasogea. Akapanda, akavuta blanketi lote upande wake, akafungua kitabu akakiweka mapajani kwangu.

"Leo soma wewe," akasema. "Ukikosea nitakwambia."

Nilisoma kurasa tisa, na sauti yangu haikuwa nzuri. Alinisahihisha mara mbili, na mara moja alikuwa sahihi.

Sasa anasema angependa kukaa wiki moja zaidi, kwa sababu mwezi utakuwa mpevu na anataka kuona maji yatapanda mpaka jiwe la ngapi. Nimemwambia uamuzi si wangu. Ukimtaka nyumbani, nitampeleka Jumamosi na sitakuuliza kwa nini.

Mama yako,
Enid


Kambi ya msituni
25 Januari 1995

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, barua yako nimesomewa na Garth nikiwa nimeshika usukani, akanifanya nisimamishe lori kando ya barabara.

Akae. Na wewe ukimleta, usigeuze gari siku hiyo hiyo. Kitanda cha chumba cha mbele nilikutandikia kabla hatujaondoka.

Mwanao,
Bronwen